Jamu ya Hiyo Nyingine

Leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni mimi mwenyewe. Nimetafuta mtu wa kumlaumu njia nzima kutoka mkutanoni mpaka nyumbani. Sikumpata.

Nawaandikia ninyi wenzangu wa vikundi vya Bumbuli, Soni na Mombo kwa kompyuta hii hii ya kikundi iliyonimaliza, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. (Walimu wa kisomo cha ngumbaru walinifundisha kusoma na kuandika. Kidole cha pili hawakukifikia.) Nawaandikia mapema kwa sababu habari itateremka na mabasi kabla ya jua kuzama, na watu wa kwenye basi wataitia chumvi. Afadhali muipate kwangu ikiwa bado haijaungwa.

Mnajua mambo yetu. Tangu soko liwe huria na ule ushirika uliokuwa ukichukua mboga zetu ufe, tunajiuzia wenyewe: jamu, juisi, matunda makavu, miche. Msimu uliopita orodha ya bidhaa tuliiandika kwa mkono, kila mama na mwandiko wake. Jamu moja ikaandikwa jamu ya peasi, mwingine akaandika jam ya pea, mwingine akaandika peasi ya kupaka mkate. Mnunuzi mmoja akaagiza zote tatu ili azionje. Akaletewa chupa tatu za kitu kilekile, na hajarudi mpaka leo.

Hapo ndipo kikundi kikamwajiri Neema.

Neema ni binti wa Singida, amesomea kompyuta, na ana adabu. Hanipiti bila shikamoo hata awe amejitwika ndoo. Akatukalisha akatueleza kwamba atatengeneza katalogi ndani ya kompyuta kwa majedwali yaliyoungana. Kutakuwa na jedwali la bidhaa, jedwali la matunda na aina zake, na jedwali la sifa, yaani rangi, ladha, msimu, na kama linawahi kuoza au linavumilia.

"Jina la tunda nitaliandika mahali pamoja tu," alisema. "Kwenye jamu, kwenye juisi, kwenye miche, panakaa namba ya kwenda kulichukua kule. Likibadilika kule, linabadilika kote."

Wenzangu walikodoa macho. Mimi nilielewa palepale. "Ni kama mtu na ukoo wake," nikamwambia. "Mimi ni mmoja, lakini huku ni shangazi, kule ni bibi, na kwa Mwenyekiti ni yule mbishi. Siku nikifa, nimekufa kote kwa mara moja."

Neema akasema ndivyo hasa, ingawa yeye asingeutumia mfano huo.

Sasa alihitaji mtu wa kumtajia majina, na majina ndiyo kazi yangu. Shule sikuipata, lakini mtu akishaniambia jina lake halitoki. Naweza kuwaambia mti wa kwanza wa plamsi bondeni kwetu aliuleta nani (Mama Teresia, binti wa Yohana fundi cherehani, aliyeolewa kwa Ramadhani Mfupi), na mbuzi aliyeutafuna alikuwa wa nani (wa Ramadhani Mfupi huyohuyo). Kwa hiyo nikawekewa kiti karibu na Neema. Mimi nataja, yeye anabonyeza. Nilijiona mkubwa mno. Nikipita sokoni nilikuwa natembea polepole ili niulizwe natoka wapi.

Tukafanya plamsi. Tukafanya matunda damu. Tukafika kwenye peasi.

"Peasi zina aina ngapi, Bibi?"

"Mbili. Ya kwanza ni peasi ya misheni. Laini, ya manjano, haivumilii safari."

Akaandika. "Na ya pili?"

Hapa, ndugu zangu, lazima niwaeleze jambo, hasa ninyi wa Mombo ambao mmechanganyika na watu wengi na huenda mmeshasahau.

Peasi ya pili ina jina la mtu. Ni jina la mzee aliyeipanda kwenye shamba la juu, njia ya Irente, na mti wake bado umesimama. Mzee huyo ni baba wa marehemu mume wangu, yaani baba mkwe wangu. Na mimi nilivyofundwa na mama yangu, jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwa mke wa mwanawe, awe hai, awe amekufa. Tangu nilipoingia kwenye nyumba ile sijalitaja. Wapo wanaume watatu wa ukoo waliopewa jina hilo, na hao nao siwaiti kwa jina. Mwanangu wa kwanza, dereva wa pikapu ya kikundi, namwita Baba. Mjukuu wangu seremala namwita Mkwe. Wa tatu ni mtoto wa shemeji yangu, mtu wa kuuza karoti, namwita Mrefu. (Si mrefu sana. Nilikuwa nimeishiwa.)

Basi na peasi ile kwangu haikuwa na jina. Tangu nilipoolewa, nikiwa jikoni nikasema "leteni ile ya misheni," wanaleta ya misheni. Nikisema "leteni hiyo nyingine," wanaleta ya mzee. Nyumba nzima inaelewa. Mpaka wake za wanangu wanaelewa.

"Na ya pili, Bibi?" Neema akarudia.

"Hiyo nyingine," nikasema.

"Hiyo nyingine tu?"

"Hiyo nyingine tu. Watu wote wanaijua."

Akaandika. Kisha akaniuliza sifa zake, nami nikammwagia zote. Ngozi ngumu. Kijani mpaka siku ya mwisho. Ukiila mapema inakukunja uso, ukiingoja inakuwa tamu kuliko zote. Inafika Dar bila kidonda. Neema akasema hakuna tunda lingine lililopata sifa nzuri namna hiyo. Nikafurahi kama nimesifiwa mimi.

Ningeweza kumwambia, "Mwanangu, jina hilo mimi silitaji, muulize Mwenyekiti." Ni maneno machache tu. Lakini niliona haya. Nilikuwa nimeketi pale kama mwenye majina yote ya wilaya, nikaogopa binti wa Singida aniulize kwa nini, halafu acheke. Nikajisemea atamuuliza mtu mwingine akirekebisha. Nikajisemea, hilo ni jambo dogo.

Halikuwa dogo, na mimi ndiye niliyejua kuliko wote kwamba halikuwa dogo. Sasa nawaambia kuhusu wifi yangu.

Wifi yangu Zubeda ndiye binti wa yule mzee. Ndiye aliyemuuguza baba yake mpaka mwisho, na shamba la juu aliachiwa yeye. Mungu hakumjalia mtoto. Sisi wenye watoto tulichukua jina la baba yake tukawapa wa kwetu, yeye hakuwa na wa kumpa. Kikundi kilipomwomba vikonyo, yaani vijitawi vya mti wa mzee, ili tupandikize miche, alikubali bila kudai chochote, ila jambo moja.

"Jina la baba liende na tunda," alisema. "Liandikwe. Hicho ndicho kitu pekee nitakachokuwa nimekipa jina."

Miguu yake haimfikishi mbali siku hizi. Akaniambia mimi, "Wifi, nenda ukahakikishe. Wewe ndiye mwenye majina."

Nikamwambia, "Hesabu limeshaandikwa."

Haya. Sasa ndiyo leo, siku ya katalogi kusomwa mbele ya mnunuzi.

Asubuhi Baba akanichukua kwa pikapu, tukampitia Zubeda. Tulimkuta ameshaketi mlangoni, amevaa kanga mpya ambayo haijafuliwa hata mara moja, na ameshika fimbo ya baba yake. Ukungu ulikuwa bado haujanyanyuka. Sijui alikaa pale tangu lini.

"Leo nakwenda kumsikia baba," akamwambia Baba.

Tukakaa mbele pamoja, mkono wake umeshika wangu. Akaniuliza, "Uliliona kwa macho yako, wifi? Lilivyoandikwa?"

"Niliona Neema akibonyeza," nikasema. (Si uongo. Alibonyeza.)

Ukumbini watu walijaa. Mnunuzi alikuwa ameshafika kutoka Dar, Bwana Kessy, mwenye duka lile la kujichukulia vitu mwenyewe na kikapu. Mkwe alikuwa anagongomea rafu mpya pembeni. Mrefu alikuwa mlangoni na makreti ya karoti. Wote watatu walijua leo wajina wao anasomwa, na hata Mrefu alikuwa ameoga. Mwenyekiti wetu Mama Eliza akafungua kwa sala, mimi nikaitikia amina yangu, sheikh mmoja jirani akaitikia yake, tukaanza.

Neema alikuwa ameazima projekta. Shuka jeupe likatundikwa ukutani, na katalogi ikatokea juu yake, herufi kubwa kama nyumba. Akaanza kusoma.

"Jamu ya Plamsi. Jamu ya Matunda Damu. Jamu ya Peasi ya Misheni. Jamu ya Hiyo Nyingine."

Mtu mmoja akacheka nyuma.

"Juisi ya Plamsi. Juisi ya Hiyo Nyingine. Matunda Makavu ya Hiyo Nyingine. Siki ya Hiyo Nyingine. Miche ya Hiyo Nyingine, inapatikana msimu wa mvua."

Kumbukeni alivyosema: jina linaandikwa mahali pamoja, linatokea kote. Lilitokea kote. Nilitamani kompyuta ile ingekuwa na uvivu kidogo.

Ukumbi sasa ulikuwa unacheka wazi. Mama Eliza akaniinamia. "Nililiona kwenye lebo jana," akanong'ona. "Nikadhani ndiyo Kiswahili cha biashara."

"Lebo zimeshabandikwa?"

"Zimebandikwa, na chupa zimo kwenye gari la Bwana Kessy tangu asubuhi."

Na Bwana Kessy, badala ya kukasirika, alikuwa amefurahi. Akasimama akasema hili ndilo jina. Watu wa mjini wamechoka na majina yaleyale, wakiona Hiyo Nyingine kwenye rafu watataka wajue ni ipi. "Nawaombeni msiliguse," akasema.

Akina mama wakapiga makofi. Yaani nilipigiwa makofi. Kwa muda mdogo, Mungu anisamehe, nilifikiria kuinuka nipokee.

Kisha wifi yangu akagonga fimbo sakafuni, mara moja tu, polepole.

"Nimesikiliza vizuri," akasema. "Ya baba yangu imeandikwa wapi?"

Watu wa kwetu wakaacha kucheka, kwa sababu wote wanalijua jina na wote wakatambua kwa pamoja kwamba halijasomwa. Neema peke yake ndiye hakutambua. Akateremsha kurasa, akazipandisha.

"Samahani, Bibi. Ya baba yako ni jina gani?"

Zubeda akanigeukia mimi. "Muulize wifi yangu. Ndiye niliyemtuma."

Nikasimama.

"Neema mwanangu," nikasema, "ile Hiyo Nyingine si jina. Ni ya yule mzee. Mzee wa shamba la juu."

Neema, mtoto mtiifu, akabonyeza. Ukutani kukatokea: Jamu ya Mzee wa Shamba la Juu. Juisi ya Mzee wa Shamba la Juu. Siki ya Mzee wa Shamba la Juu.

"Usiandike," nikasema. "Namaanisha baba yake huyu."

Jamu ya Baba Yake Huyu.

"Neema, toa mikono kwenye kompyuta."

Hilo hakuliandika, namshukuru. Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha. Kuna mama alikuwa amejifunika kanga usoni na mabega yanatikisika. Bwana Kessy alikuwa anafuta macho kwa tai.

Mama Eliza, ambaye ni mtu mwema, akasema, "Jamani, si mmoja wetu amtajie tu huyu mtoto? Jina ni—"

"Asitaje mtu," akasema Zubeda. Hakupaza sauti. "Aliyelificha alitoe."

Nikamtazama wifi yangu nikitegemea atanionea huruma. Alikuwa amekaa wima na kanga yake mpya, ameshika fimbo kwa mikono miwili, na anatazama shuka. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningeiweza. Alikuwa kama mtu aliyefika kituoni akaambiwa basi lilipita jana.

Basi nikalisema.

"Sikusikia, Bibi," akasema Neema.

Nikalisema tena.

"Bado, Bibi. Feni ya projekta inapiga kelele. Kwa nguvu kidogo."

Ndugu zangu, nilivuta pumzi nikalisema kama tunavyomwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Lile jina ambalo sijalitaja tangu ujana wangu lilitoka lote, likapiga bati, likatoka nje kwa madirisha.

"Naam, Bibi," akasema Mkwe, na nyundo yake ikaanguka.

"Nipo, Mama Mkubwa," akasema Mrefu kutoka mlangoni. Kisha akafikiri kidogo. "Kumbe jina langu unalijua."

Watu waliangua kicheko ambacho nadhani kilifika Kifungilo. Nami ningecheka, ila wa tatu alikuwa bado hajaitika. Mwanangu, Baba, alikuwa amesimama karibu na dirisha na funguo za gari mkononi. Ana mvi kwenye ndevu yule. Aliniangalia kwa uso ambao sijauona tangu akiwa mdogo.

"Naam, mama," akasema taratibu.

Nimemzaa, nimemnyonyesha, nimemwoza mke. Leo ndiyo mara ya kwanza ameitwa jina lake na mama yake, na hakuitwa yeye. Nilikuwa naitaja peasi.

Neema akabonyeza mahali pamoja. Ukutani kote kukabadilika, jamu, juisi, matunda makavu, siki, miche. Kazi ya kufumba na kufumbua. Alivyoahidi ndivyo ilivyokuwa, kompyuta haina kosa lolote. Zubeda akamwomba asome upya tangu juu. Neema akasoma. Kila alipofika kwenye jina, wifi yangu alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu za wageni mmoja mmoja.

Lakini kilichokwisha chapwa kompyuta haikifikii. Bwana Kessy aliondoka na chupa zake kama zilivyo, na lebo zake kama zilivyo, na vitabu vya katalogi vya kuwagawia wenye maduka wenzake. Mama Eliza alimwomba azirudishe tubandike upya. Akasema ana safari, na kwamba msimu ujao ataweka jina lolote tunalotaka. Msimu ujao. Wifi yangu hapangi mambo ya msimu ujao tena.

Wakati wa kurudi Zubeda alikaa mbele na Baba. Mimi nikapanda nyuma na makreti matupu, hakuna aliyeniambia, nilijipandisha mwenyewe. Tulipofika kwake nikateremka nikamshika mkono mpaka mlangoni.

"Wifi, nisamehe," nikamwambia.

"Ungeniambia tu huwezi," akasema. "Ningekuja mwenyewe kulitaja. Hata kwa kutambaa ningekuja."

Nikamnyooshea kanga begani, mimi mwenye majina yote.

Akafungua mlango, akaegemeza fimbo mahali pake. "Nyumba nzima mlikuwa mnalikwepa," akasema. "Wewe, na mke wa yule kaka mwingine, na wake za wale watoto. Tangu baba afe, ndani ya nyumba nililisikia kinywani mwangu tu." Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mkutanoni, na nikaona kitu kidogo pembeni ya mdomo. "Lakini leo umelisema. Nadhani na mbuzi wamelisikia."

Akafunga mlango, si kwa nguvu. Sijui kama nimesamehewa. Kesho nitampelekea chupa moja ya jamu iliyobaki kikundini, Neema ameshanichapia lebo mpya. Nitaibandika mwenyewe, na nitamwomba anisomee kwa sauti, maana kuisoma mimi ni mtihani mwingine.

Kwa hiyo nawaomba ninyi msicheke. Mkienda Dar mkamkuta mtu dukani ameshika chupa ya Jamu ya Hiyo Nyingine, mwambieni taratibu kwamba peasi hiyo ina jina la mtu, na mtu huyo ni baba wa Zubeda. Akiwauliza jina gani, mwelekezeni kwa Neema. Mimi leo nimeshalisema, na bonde zima ni shahidi.